Mbwa aliyekula nusu ya sufuria: uvimbe wa ubongo kwa mbwa na kwa binadamu

Bwana Mifugo Mstaafu (Pongwe, Tanga)

Salaam kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke akiba ausome akiwa ametulia.

Mwaka juzi, mvua za vuli zilipokatika, mbwa wangu wa ulinzi aliyekuwa na umri wa miaka tisa alianza kula nusu ya chakula chake. Sisemi kwamba alipungukiwa hamu. Nasema alikula nusu kama aliyepigiwa mstari: ugali wa dona na dagaa vilivyokuwa upande wa kulia wa sufuria vilikwisha kabisa, bati likabaki linang'aa, na vilivyokuwa upande wa kushoto vikabaki kama vilivyopakuliwa, huku mwenyewe amesimama juu yake akinitazama kama aliyenyimwa. Kijana anayenisaidia ng'ombe aliigusa sufuria kwa mguu ikageuka, na mbwa akakiona chakula kile kana kwamba kimeletwa dakika ile. Akakimaliza.

Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa kwenye ng'ombe wa maziwa huku Tanga na Muheza, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa sikio, kwa sababu alikuwa akikigeuza kichwa upande wa kulia muda wote. Nikamtia dawa ya matone ya sikio kwa wiki mbili. Wiki mbili zile ni kosa langu mimi na simsingizii mtu. Baadaye akaanza kuzunguka mwembe ulio nyuma ya banda, daima kwa kuelekea kulia, saa nzima bila kuchoka, mpaka mchanga ukachimbika njia ya duara. Kisha usiku mmoja akaanguka: miguu ilijikaza, ikaanza kupiga kama ya mtu anayeogelea, povu likamtoka, akajikojolea, na baada ya dakika mbili hivi akainuka akiwa hajui yuko wapi wala mimi ni nani.

Hapa nasimama kwa makusudi, kwa sababu najua kuna atakayesoma uzi huu akaenda kumfungua mdomo mbwa wake kumtazama. Asifanye hivyo. Katika nchi yetu mbwa aliyebadilika tabia ni mshukiwa wa kichaa cha mbwa kwanza, na mengine yote yanafuata baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kinachosaidia kutofautisha ni mwendo wa ugonjwa: mbwa mwenye kichaa akishaanza kuonyesha dalili, kwa kawaida hamalizi siku 10 akiwa hai, ilhali mwenye uvimbe wa ubongo huenda kwa wiki na miezi. Mbwa wangu alikuwa akichanjwa kila mwaka, na alipoanguka dalili zilikuwa zimeingia wiki ya nne. Hata hivyo tulimfunga peke yake, watoto wakakatazwa kumsogelea, na hakuna aliyeyagusa mate yake bila glavu. Damu yake pia ilitazamwa kwa hadubini, kwa kuwa sisi wa Tanga tunawafahamu vizuri mbung'o, na vimelea vya nagana wanavyovieneza vikimwingia mbwa huweza kumfanya macho meupe na hata kuugusa ubongo. Havikuonekana.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumwona hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na vidole vyake. Alikipeleka kidole kwa ghafla karibu na jicho la kulia, mbwa akapepesa; akafanya vivyo hivyo upande wa kushoto, jicho likabaki wazi kama la samaki sokoni. Akaukunja mguu wa mbele wa kulia ili mgongo wa kiganja uguse sakafu, mbwa akaurudisha mara moja. Akaukunja wa kushoto, mbwa akausimamia vile vile ulivyokunjwa, asijue kama una hitilafu. Daktari akasema, "Mzee, tatizo haliko sikioni wala machoni. Liko upande wa kulia wa ubongo, mbele." Sehemu hiyo ya ubongo hutawala upande wa pili wa mwili, kwa hiyo ikiharibika kulia, dunia ya kushoto hufutika: mgonjwa si kipofu, ila ubongo wake hauuhesabu upande ule. Chakula cha kushoto hakikuwa kimeonekana na kukataliwa. Kwake hakikuwepo.

Maneno yale yalinishtua, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuyasikia. Miaka sita kabla ya hapo, dada yangu mkubwa, fundi wa cherehani pale Ngamiani, alianza kuligonga bega lake la kushoto kwenye miimo ya milango. Tulicheka naye, tukasema ni uzee. Kisha mteja akamrudishia gauni ambalo upindo wa kulia ulikuwa umenyooka kama rula na wa kushoto haukuguswa kabisa, na yeye akaapa kwamba amezimaliza pande zote mbili. Siku alipoanguka kifafa akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na tano, ndipo tulipoacha kucheka. Alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa picha, na upande wa kulia wa ubongo ukakutwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Dalili ile ile, upande ule ule. Dada yangu yuko hai na jana tu amenitumia mtu nimlipe deni lake la shilingi elfu nane. Mbwa aliishi wiki 11.

Kwa nini mmoja alipona na mwingine akafa? Jibu jepesi ni kwamba mmoja alipata hospitali na mwingine hakupata, na lina ukweli wake. Lakini mbwa alipokufa tulipeleka sampuli maabara, na majibu yakaonyesha kwamba wagonjwa hawa wawili hawakuwa na ugonjwa mmoja hata kidogo, ingawa mtu angeweza kuwaandikia dalili zao kwenye karatasi moja.

Tuanze na kilichowaunganisha, nacho ni fuvu. Fuvu ni mfupa na halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kitu cha nne kikiingia, lazima kimojawapo kati ya vile vitatu kipungue, na kisipoweza kupungua tena, shinikizo hupanda. Binadamu ana ubongo wenye uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400 hivi, na mbwa wa kawaida hafiki hata gramu 100. Basi fikirieni ndimu moja ikiingia kwa kila mmoja wao. Ndiyo maana mimi silipendi neno "uvimbe wa kawaida" linapotumiwa kwa ubongo. Uvimbe usio saratani ukiota begani unakuwa kero ya kuvaa shati. Ukiota ndani ya fuvu unaweza kuua bila kusambaa popote.

Uvimbe wa dada yangu uliitwa meninjioma, jina lililotungwa mwaka 1922 na mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing. Hauoti kwenye ubongo wenyewe bali kwenye tando zinazoufunika, kisha unausukuma ubongo kutoka nje. Huu ndio uvimbe unaoongoza kwa kuanzia kichwani, kwa binadamu na kwa mbwa pia: kwa binadamu ni zaidi ya theluthi ya vile vinavyoanzia humo, kwa mbwa ni karibu nusu. Kwa binadamu huwapata zaidi wanawake, na mwingi ni wa daraja la kwanza, yaani hukua polepole na mara nyingi una mpaka ambao mpasuaji anaweza kuufuata. Kwa mbwa jina ni hilo hilo, lakini tabia ni kali zaidi, kwani mara nyingi huchomeka ndani ya ubongo na hauachi mpaka safi. Wenzetu wanaofanya upasuaji wa aina hiyo walitoa taarifa mwaka 2002 kwamba mbwa waliopasuliwa tu waliishi kwa wastani wa miezi 7, na waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliishi miezi 16 na nusu. Cha ajabu, paka ndiye mwenye bahati: meninjioma yake huwa ngumu na iliyojitenga, hutoka kama kokwa ya zambarau, na wengi wao huishi miaka kadhaa baadaye. Nilipoyasoma hayo nilimtazama paka wa jirani anayeniibia samaki kwa jicho jingine.

Mbwa wangu hakuwa na meninjioma. Alikuwa na glioma, uvimbe unaozaliwa ndani kwa ndani, katika zile seli zinazoishikilia na kuilisha mishipa ya fahamu. Niliruhusiwa kuutazama. Kwenye ubongo wenye rangi ya maziwa yaliyoganda palikuwa na sehemu ya kijivu, laini, inayotetemeka, na kwa mtu wa pwani sina mfano mwingine: ilikuwa kama nyama ya dafu changa, ile ambayo ukiitia kijiko inateleza. Tatizo la dafu hilo ni kwamba huwezi kusema limeishia wapi. Ukitoa unachokiona, kuna mizizi usiyoiona iliyopenya kwenye ubongo mzima, na ukifuata mizizi unautoa ubongo.

Hapo mbwa na binadamu wanafanana na kutofautiana kwa pamoja. Glioma ya binadamu mtu mzima kwa kawaida hutokana na jamii ya astrositoma, na iliyo mbaya kuliko zote ni glioblastoma, ambayo mgonjwa akipata upasuaji, mionzi na dawa ya saratani iitwayo temozolomidi huishi kwa wastani wa miezi kama 15. Glioma ya mbwa kwa sehemu kubwa ni ya jamii nyingine, oligodendroglioma, ambayo kwa binadamu ni adimu na hukua taratibu zaidi, ila kwa mbwa mara nyingi hukutwa ikiwa kali. Isitoshe, kwa binadamu glioma nyingi za kundi hilo zina hitilafu katika kinasaba kinachoitwa IDH1, na madaktari huitumia kukadiria mwenendo wa ugonjwa; kwa mbwa hitilafu hiyo haipatikani ila kwa nadra sana. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti uliolinganisha vinasaba vya glioma za mbwa na za watu, na ukaonyesha kwamba uvimbe wa mbwa, hata mbwa mzee, unafanana zaidi na ule wa watoto wa binadamu kuliko ule wa watu wazima.

Mtauliza, nani anajishughulisha na mbwa kiasi hicho? Wanaojishughulisha ni watafiti wa saratani za binadamu. Kwa miaka mingi dawa za uvimbe wa ubongo zilijaribiwa kwa panya aliyepandikizwa uvimbe na mara nyingi aliyeondolewa kinga ya mwili ili asiukatae. Panya anapona, kisha dawa ikipelekwa kwa mtu inashindwa. Mbwa uvimbe humwotea wenyewe, uzeeni, akiwa na kinga yake kamili, akila mabaki ya jikoni yetu na kuvuta moshi wetu, na fuvu lake lina nafasi ya kutosha kwa vifaa vya upasuaji vya binadamu. Marekani ilianzisha mpango maalumu wa saratani za wanyama ndani ya Taasisi yake ya Taifa ya Saratani mwaka 2003, na mwaka 2005 ramani ya vinasaba vya mbwa ikachapishwa, ya jike mmoja wa aina ya Boxer aliyeitwa Tasha. Ilisadifu kwamba Boxer, pamoja na Boston Terrier na French Bulldog, ndio mbwa wanaopata glioma kwa wingi usio wa kawaida. Meninjioma ndiyo inayowaandama zaidi wenye pua ndefu, kama Golden Retriever na Collie. Wangu alikuwa chotara wa German Shepherd na koko wa Pongwe, kwa hiyo hakufuata kanuni ya kabila lolote.

Mbwa wenye tatizo hili si wachache kama tunavyodhani. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya mizoga 9,574 ya mbwa iliyofanyiwa uchunguzi huko Marekani, na 435 kati yao, yaani asilimia 4 na nusu, walikutwa na uvimbe ndani ya fuvu. Huku kwetu mbwa akianguka tunasema kalishwa sumu, tunamfukia, basi.

Nakaribisha maswali, na mwenye ujuzi zaidi yangu anisahihishe bila kuogopa mvi.

Mwana wa Mlingotini (Bagamoyo)

Shikamoo mzee. Nimesoma uzi wote huku mikono ikinitoka jasho. Mimi nina mbwa wa miaka miwili na nusu hapa Mlingotini, naye ameanguka mara tatu tangu mwezi uliopita, kwa namna ile ile uliyoieleza: kujikaza, kupiga miguu na kujikojolea. Hata hivyo anakula sufuria nzima, haendi kwa kuzunguka, na baada ya nusu saa anacheza na watoto kama kawaida. Je, nijiandae kwa msiba?

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba mwanangu. Usijiandae bado. Umri ndio unaozungumza hapa: mbwa anayeanza kuanguka akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6, na katikati ya mianguko akawa mzima kabisa, mara nyingi ana kifafa cha kurithi ambacho hakina uvimbe wowote nyuma yake, naye anaweza kuishi miaka mingi kwa dawa. Kinachotutia wasiwasi ni mbwa aliyepita hapo ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake, kisha akaanza ghafla, hasa kama tabia yake imebadilika hata katika siku ambazo haanguki. Hata kwa binadamu ni hivyo: kifafa kinachoanza ukubwani hupigiwa picha, hakipewi dawa tu na kurudishwa nyumbani.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na uende na kadi yake ya chanjo. Kama hana chanjo ya kichaa cha mbwa, mfunge tangu leo, na amuone daktari kabla ya kitu kingine chochote. Wakati anapoanguka usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mbwa haumezi ulimi wake, na kidole ni chako. Tazama saa. Ikizidi dakika 5 bila kukatika, hiyo ni dharura.

Ustadh wa Chumbageni (Tanga)

Assalaam alaykum. Mzee, elimu yako naiheshimu, lakini naona tabu katika mlinganisho wenyewe. Binadamu ametukuzwa, na mbwa ni mnyama ambaye mate yake yakigusa chombo chako unakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumweka dada yako na mbwa katika mstari mmoja, hata kama nia ni kuelimisha, kunaweza kumuumiza yeye na jamaa zake. Halafu, je, huoni kwamba muda na fedha za kuchunguza mbwa zingewafaa watu?

Bwana Mifugo Mstaafu

Wa alaykumu s-salaam, Shekhe wangu. Umenikumbusha vema, na kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa dada mwenyewe. Alicheka, akasema nimwandike ila nisiutaje umri wake wa sasa. Mbwa yule alikuwa wa ulinzi wa mifugo, na kwa kazi hiyo ruhusa ipo, kama unavyojua kuliko mimi. Chombo chake kilikuwa chake peke yake, ndiyo ile sufuria.

Kuhusu mlinganisho, silinganishi heshima, nalinganisha nyama. Insulini iligunduliwa kwa kumchunguza mbwa huko Toronto mwaka 1921, na leo hakuna Mwislamu mwenye kisukari anayeona haya kwa hilo. Katika uvimbe wa ubongo fedha zinazotumika kwa mbwa hazikuondolewa kwa wagonjwa. Mbwa ni mgonjwa anayetibiwa kwa ridhaa ya mwenyewe mfugaji, na kinachojulikana kwake kinapelekwa hospitali ya watu. Mtoto mwenye glioma ndiye atakayenufaika kwanza, kwa ule mfanano wa vinasaba nilioueleza.

Muuguzi wa Zamu (Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nimekuwa wodini kwa muda mrefu na naomba kuongeza mambo ambayo uzi wako umeyapita kwa haraka.

La kwanza ni kwamba umeongelea uvimbe unaoanzia kichwani. Kwa watu wazima, uvimbe mwingi unaokutwa ndani ya ubongo haukuanzia hapo; umesafiri kutoka kwenye mapafu, matiti au ngozi. Mama aliyetibiwa saratani ya titi miaka minne iliyopita akianza kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, asiambiwe ni presha.

La pili linahusu hali yetu hapa. Si kila donge linaloonekana kwenye picha ni uvimbe wa aina hizi. Kuna donge la kifua kikuu, kuna vimelea vya toksoplazima kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU, na kuna mayai ya tegu wa nguruwe yaliyojenga vifuko kwenye ubongo. Haya yote huleta kifafa, yote huonekana kama doa, na yote yana dawa. Nimewahi kuona familia ikimrudisha mgonjwa kijijini "akafie kwao" kwa sababu mtu mmoja asiye daktari aliitazama picha juu ya mwanga wa dirisha akasema ni saratani. Alikuwa na kifua kikuu. Alitumia dawa, na sasa anauza mihogo pale stendi.

Bwana Mifugo Mstaafu

Marahaba, na nashukuru kwa dhati, hasa kwa hilo la pili ambalo nilistahili kuliandika mwenyewe. Kwa mbwa pia uvimbe husafiri, kwa mfano kutoka kwenye chuchu za majike, au ile saratani ya mishipa ya damu inayoanzia kwenye wengu. Ndiyo sababu daktari mzuri, kabla ya kukiwazia kichwa, humpapasa jike zima kutoka kwapani hadi kinenani.

Mama Ndimu (Tanga)

Naomba kuuliza bila kuchekwa. Jirani yangu amemfukuza mbwa wake kwa sababu amesikia kwamba saratani ya mbwa inaambukiza. Kama mbwa alikuwa na uvimbe kichwani na watoto walicheza naye, je, watoto wako salama?

Bwana Mifugo Mstaafu

Hakuna wa kukucheka, mama, kwa maana uvumi huo una mzizi. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wachache sana duniani wenye saratani inayoambukiza kweli. Huota sehemu za siri, kama koliflawa inayotoka damu, na huenda kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana, kwa kuwa seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama. Nimeitibu mara nyingi kwa sindano za vinkristini, na hupona. Haiendi kwa binadamu, wala haina uhusiano na uvimbe wa ubongo, ambao hauambukizi mtu, mbwa, wala paka. Watoto wako salama kwa hilo. Waoshwe mikono tu, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

Mwana wa Mlingotini

Mzee, swali la mwisho kuhusu mbwa wako: ulimtibu kwa nini katika zile wiki 11, na je, kuna mahali hapa nchini angeweza kupigwa picha?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mashine za MRI zipo nchini, ila ni za hospitali za watu, na mbwa hawezi kuambiwa alale kimya nusu saa. Ni lazima alazwe kwa nusukaputi na awepo mtu wa kumsimamia. Hata picha ingepatikana, baada yake ningehitaji mpasuaji na mionzi ambavyo sikuwa navyo. Kwa hiyo daktari alinieleza bila kuzunguka kwamba tunatibu siku zake, hatuutibu uvimbe.

Alimpa prednisoloni, kwa sababu sehemu kubwa ya shinikizo husababishwa na maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe, na dawa hiyo huyapunguza. Dada yangu alipewa ya jamii hiyo hiyo, deksamethasoni, kabla ya upasuaji. Siku ya tatu mbwa alikula robo tatu ya sufuria. Nilifurahi kama mjinga, maana nilijua kabisa kwamba dafu bado limo. Kwa mianguko alipewa fenobabitoni asubuhi na jioni. Dawa nyingine za kifafa za binadamu, kama fenitoini na karbamazepini, hazimfai mbwa kwa kuwa ini lake huzitoa mwilini haraka mno, kwa hiyo mtu asichukue vidonge vya jamaa yake akajaribu. Prednisoloni ilimpa njaa na kiu isiyo na mwisho, akawa anakunywa ndoo na kukojoa kila kona, na misuli ya mapaja ikapungua. Wiki ya 11 alianguka mara tatu kwa siku moja na hakuweza kuinuka kunywa maji. Daktari akaja kabla ya magharibi na sindano ya kumlaza, nami nikakishika kichwa kwa upande wa kulia, ule aliokuwa akiujua.

Mwana wa Mlingotini

Pole sana mzee wangu. Nimerudi kutoka kwa daktari leo mchana. Chanjo yake iko sawa, amepimwa kama ulivyoeleza, macho yote mawili yanapepesa na miguu yote anairudisha. Ameanzishiwa fenobabitoni, nusu kidonge mara mbili kwa siku.

Bwana Mifugo Mstaafu

Alhamdulillahi. Siku za mwanzo atayumba kama mlevi na kulala sana; hiyo ni mwili unaizoea dawa, itapungua. Nunua daftari la kurasa arobaini, andika kila mwanguko: tarehe, saa, umechukua dakika ngapi, na alikuwa akifanya nini kabla yake. Baada ya wiki chache daktari atataka kuchukua damu apime kiwango cha dawa na hali ya ini. Akikaa miezi bila kuanguka, usije ukasema amepona ukaacha vidonge siku moja, kwa kuwa fenobabitoni ikikatishwa ghafla huleta mianguko mibaya kuliko ile ya mwanzo. Vikibaki vidonge vya siku tano, ndiyo siku ya kwenda Bagamoyo mjini kununua vingine.